Maikrofoni Aliyoipuliza Bi Mwatima

Tulipoachana juma lililopita, Bi Mwatima binti Khelef alikuwa chumbani kwake barabara ya tisa, Ngamiani, mlango kaukomea kwa ndani, na nje kuna mtu anabisha hodi.

Kwa aliyetukosa, habari yenyewe ni fupi, nayo ni chungu.

Mwatima, Mpemba ambaye Tanga nzima ilimjua kwa uimbaji, alikuwa na rovu. Lilianza dogo kama kungu, likawa kama yai, na sasa lilimbana koo hata akilala chali pumzi inalia filimbi. Daktari wa kupasua alikuwepo Tanga kwa muda tu, kisha aende zake kwao Ulaya. Kaka yake Mwatima, Mbarouk, akamkalia juu: ni sasa au basi.

Mwatima akatoa sharti. "Siguswi na kisu mpaka sauti yangu ishikwe kwenye santuri."

Watu wakaona ni haki. Nani asiyejua yaliyompata Kijakazi, mwimbaji mwenzake, aliyekwenda kupasuliwa rovu na sauti ya kinanda, akarudi na mkwaruzo wa mtu anayekokota gunia sakafuni?

Basi Sadalla, mwenye duka na mkubwa wa chama cha taarabu, akakigeuza chumba cha ghorofani kwake kuwa studio. Akatundika mablanketi ukutani, akaazima maikrofoni nzuri kutoka Mombasa. Siku ya kuimba ilipowadia, maikrofoni ikawa bubu. Ukanda wake wa ndani ulikuwa umekatika.

Aliyeshikwa ni Jaku, mpiga udi, kwa sababu asubuhi ile aligombana na Sadalla, na kwa sababu alionekana mlangoni pa chumba kile.

Jaku hakuwa na kosa. Aliyeukata ukanda ni Mwatima mwenyewe. Fundi alikwisha kuwaonya wote: usiipulize, pumzi ya mtu inatosha kuiua. Watu walipokwenda kusali alasiri, yeye akaingia peke yake, akaondoa kitambaa, akapuliza.

Bila maikrofoni hakuna santuri. Bila santuri hakuna kisu. Daktari ataondoka, na yeye atabaki na koo lake. Ndivyo alivyofikiri.

Sasa hodi ile.

"Nani?"

"Mimi Asheri, Bi Mwatima. Fundi."

Akafungua. Asheri alikuwa kijana wa Kishambaa, Mlutheri, mpole, mwenye tabia ya kuyafuta macho yake anapofurahi. Alikuwa akiyafuta.

"Usihuzunike tena," akasema. "Nimepata mtu wa kuitengeneza."

Mwatima akashika mwimo wa mlango. "Si ulisema Tanga hakuna?"

"Tanga hakuna. Yuko Amani, kwenye stesheni ile ya utafiti. Mjomba wangu Abrahamu. Kazi yake kubandika mabawa ya mbu juu ya vioo, watu wayatazame kwa hadubini. Mtu anayeshika bawa la mbu lisichanike atashindwa na ukanda wa bati?"

"Na Jaku?"

Uso wa Asheri ukashuka. "Wazee wa chama wanamkalia kikao. Sadalla amesema asipokiri atampeleka kwa Liwali. Watu wameacha kumwitikia salamu, Bi Mwatima. Jana alikwenda kununua mkate, muuza mkate akageukia upande wa pili."

Mwatima akainamisha macho kwenye kizingiti.

"Tunaondoka kesho alfajiri," Asheri akasema. "Nitaipakata mwenyewe."

Hapo ndipo Mwatima alipojitia kitanzi. "Wewe mwanamume utaijulia wapi kupakata? Nitakuja mimi. Kaka Mbarouk atanisindikiza."

Asheri akayafuta macho tena. Alidhani ni mapenzi. Kumbe Mwatima alitaka kuwa karibu ili aone kazi ile ikiharibika.

*

Basi liliwatoa Ngamiani giza likiwa bado. Wakapita Pongwe, mkonge kulia, mkonge kushoto. Maikrofoni ilikuwa imefungwa kwa kanga mbili, imelala mapajani mwa Mwatima kama mtoto anayeumwa. Mwanamke mmoja wa Kidigo aliyekaa jirani akainama kumtazama huyo mtoto.

"Ana miezi mingapi?"

"Ana maradhi," Mbarouk akajibu. Hakutabasamu.

Mbarouk alikuwa mtu wa maneno machache, mnunuzi wa samaki wakavu. Tangu mama yao afe kule Pemba yeye ndiye aliyekuwa baba na mama wa Mwatima. Njia nzima jicho lake lilikuwa shingoni mwa dada yake.

"Ulilala jana?"

"Nililala."

"Umelala umekaa. Nilikusikia ukutani. Mwatima, mficha maradhi kifo humuumbua."

"Sijaficha kitu."

Neno hilo lilimtoka jepesi, na mara likamrudia kifuani zito.

Muheza wakashuka, wakapata lori lililokuwa likipeleka unga na chumvi kwenye mashamba ya chai huko juu. Mbarouk na Asheri wakapanda nyuma juu ya magunia. Mwatima akapewa nafasi mbele, kando ya dereva. Kabla hajapanda, Asheri akamtilia mkononi kopo dogo la tumbaku.

"Hili nalo lishike wewe. Ndani mna bati la kutengenezea ukanda mpya. Nimelitoa kwenye kondensa ya redio mbovu. Ukilitikisa litachanika, na jingine sina."

Lori likaanza kupanda. Njia ilikuwa ya kona juu ya kona, upande mmoja mlima, upande mwingine bonde ambalo miti yake mirefu vilele vyake vilikuwa chini ya magurudumu. Dereva aliimba nyimbo za kanisani na hakumtazama abiria wake.

Dirisha lilikuwa wazi. Kopo lilikuwa mkononi.

Mwatima alimwaza Jaku na muuza mkate. Kisha akamwaza Kijakazi, alipomtembelea mara ya mwisho: amekaa kwenye mkeka, watoto wa jirani wanamwigiza anavyoongea, na yeye anacheka nao kwa sababu hana la kufanya.

Kwenye kona, mkono wake ukatoka dirishani. Vidole vikafunguka.

Hakusikia hata lilipoanguka.

*

"Kopo liko wapi?" Asheri akauliza waliposhuka.

Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka hata nyumba za stesheni zilionekana nusunusu. Mwatima alikuwa akitetemeka ndani ya buibui lake. Baridi kama ile hakuwahi kuijua.

"Nilikuwa nalo. Pale kwenye kona lori liliruka. Sijui."

Asheri alipekua chini ya kiti cha dereva. Akapekua sakafu. Akarudi, mikono mitupu, na badala ya kumlaumu akamwomba radhi.

"Kosa langu. Nilikutwisha vitu viwili."

Mwatima alitamani angemtukana.

"Basi turudi," akasema. "Kama halipo, halipo. Mungu hakupenda."

"Tumsalimie mjomba kwanza."

Abrahamu alikuwa mtu mfupi, mwenye kelele, mwenye kujisifu, kavaa koti la sufu na kofia ya kufuma. Asheri alimsalimu Kishambaa kwa heshima zote. Mjomba akajibu, akamgeukia Mbarouk.

"Karibuni Amani! Mmekuja kwa Abrahamu, mmefika. Mbu wa nchi hii wote wananijua, na mimi nawajua kwa majina yao ya Kilatini."

Asheri akamweleza habari ya maikrofoni, na ya kopo lililopotea. Mwatima alisimama nyuma akingoja neno moja tu: haiwezekani.

"Bati la kondensa!" Abrahamu akasema. "Hilo ulitaka kunitilia la nini? Hilo ni nene kama sahani. Mimi ninalo jembamba kuliko ganda la ndani la kitunguu. Lilikuwa ndani ya chombo cha kupimia umeme kilichokwisha kutupwa, nikaliokota, nikalilaza kati ya vioo viwili. Nimebakiwa na kipande kimoja. Ingieni!"

Mwatima aliingia kama anayepelekwa kufungwa.

Chumba cha kazi kilinuka spiriti. Abrahamu akafunga madirisha yote, akaziba kwa gunia nafasi ya chini ya mlango, upepo usipite. Akaifungua kanga, akaifungua maikrofoni parafujo moja moja, kwa vyombo vya shaba.

"Kwa nini si vya chuma?" Mbarouk akauliza.

"Ndani mna sumaku mbili, na ukanda umetundikwa katikati yake. Ukiingiza chuma, sumaku inakunyang'anya na kila kitu kinasambaratika. Sogeeni muone."

Wakasogea. Kati ya vyuma viwili vyeusi kulining'inia kijikanda kilichokunjwakunjwa mfano wa bati la kuezekea nyumba, chembamba hata nuru ilikipita. Kilikuwa kimekatika katikati, na vipande vyake vyote viwili vilikuwa vimepindia ndani.

Abrahamu akachukua kioo cha kukuzia. Akatazama. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kitu kigeni.

"Ukanda huu haukuchokolewa," akasema. "Umepulizwa. Tena kwa nguvu, kutoka karibu sana." Akainamisha kioo. "Na kuna vitone vyekundu. Hii si kutu. Hii ni tambuu. Kwenu nani anakula tambuu?"

Mwatima alihisi midomo yake inawaka. Alikuwa ameitafuna ya mwisho Muheza, na wekundu wake ulikuwa bado haujatoka.

Mbarouk alisema polepole, kama anayejisemea, "Jaku hali tambuu. Hajapata kula."

Asheri aliinua uso. Akamtazama Mwatima mdomoni, kisha machoni. Kufumba na kufumbua, yote yakawa yamepita baina yao bila neno.

"Chamani wanakula wengi, mjomba," Asheri akasema. "Tufanye kazi."

*

Abrahamu alikata ukanda mpya kwa wembe, akiusukuma kando ya rula. Akaulaza kati ya karatasi mbili nyembamba, akaupitisha baina ya magurudumu mawili ya saa mbovu, ukatoka umekunjika sawasawa. Kisha akaushika kwa kibano cha shaba, akauinua juu ya sumaku.

"Sasa sikilizeni. Huu ndio wa mwisho. Nikiupeleka mahali pake, asihame mtu, asikohoe mtu, asipumue mtu. Nikisema tayari, pumueni."

Mbarouk akafumba midomo. Asheri akafumba midomo.

Mwatima alikuwa mbele kabisa, kiuno chake kimegusa meza. Uso wake na ukanda ule vilikuwa karibu hata angeweza kuubusu.

Akaizuia pumzi.

Koo likakataa. Rovu lilikuwa limevimba tangu walipoanza kupanda mlima, na baridi ilikuwa imelizidisha. Kifua kilipiga teke. Filimbi ile ya usiku ikaanza kulia ndani yake, ndogo, kali, ikitafuta njia ya kutokea.

Ukanda ukatikisika.

"Nani huyo?" Abrahamu akanong'ona, macho yake hayakuhama.

Msomaji, hakuna aliyemshika Mwatima mkono. Kutaka alitaka, na kisingizio alikuwa nacho, tena cha kweli: mgonjwa kapumua, nani atamlaumu? Kupumua tu kungetosha. Santuri ingekufa, daktari angepanda meli, na sauti yake ingebaki yake.

Na Jaku angebaki mharibifu mpaka kaburini.

Mwatima akaufunika mdomo wake kwa buibui, akaibana na pua kwa mikono miwili. Akarudi nyuma hatua kwa hatua, kisogo kikitangulia, hata akaupata mlango. Hakuweza kuufungua, ungeleta upepo. Akajikunyata pale chini, juu ya gunia, kichwa ndani ya nguo. Macho yakamwiva. Masikio yakaanza kuvuma. Chumba kikaanza kwenda mbali.

"Tayari," Abrahamu akasema.

Mwatima hakumsikia. Mbarouk ndiye aliyegeuka na kumwona amelala upande, midomo imekuwa ya bluu. Akampigia kelele, akaupiga mlango teke, akamtoa nje mikononi kama mtoto.

*

Ukungu ulikuwa mzito. Mbarouk alimkalisha kwenye ngazi yenye maji, akamwinamisha, akampiga mgongo. Pumzi ilirudi kwa kwikwi. Ilipotulia, akataka kumsifu.

"Umejizuia hata ukataka kufa. Kwa ajili ya wimbo!"

"Si kwa wimbo."

"Kwa nini basi?"

"Kaka, ukanda nimeukata mimi."

Mbarouk hakupandisha sauti. Alikaa naye kwenye ngazi, suruali ikaloana, asijali.

"Rudia."

"Niliingia watu walipokuwa msikitini. Nikapuliza. Na lile kopo halikuanguka. Nimelitupa."

"Na Jaku ulimwona anavyotukanwa?"

"Nilimwona."

"Ukala chakula, ukalala?"

"Sikulala, kaka."

"Mwatima." Sauti ilikuwa chini sana. "Ulikuwa unanikimbia mimi, au daktari?"

"Nakikimbia kimya. Wewe una wake, una watoto, una samaki wako. Mimi sina mume, sina mwana. Nikiingia mahali watu husema Mwatima kaja, lakini wanamaanisha sauti imekuja. Ikitolewa, atakayeingia mlangoni ni nani?"

"Dada yangu."

Mwatima akalia. Mbarouk akamwacha alie, kisha akasema lililokuwa moyoni.

"Kesho utasema mbele ya Sadalla na watu wote."

"Nitasema."

"Hata kama atakataa kukunasa sauti kwa hasira?"

"Hata kama."

Walilala Amani. Abrahamu alimkabidhi Mbarouk kisu na jogoo achinje mwenyewe, wasije wakala kwa wasiwasi nyumba ya Mkristo. Baada ya chakula akaifunga maikrofoni kwenye chombo chenye mshale, akamwambia Mwatima aseme neno.

"Niseme nini?"

Mshale ukaruka. Abrahamu akacheka, akapiga makofi, mshale ukaruka tena.

"Imefufuka!" akapiga kelele. "Kawaambieni Mombasa kuna Abrahamu!"

Asheri hakucheka. Mbarouk alipotoka, akamsogelea Mwatima.

"Mama yangu alikuwa na rovu," akasema. "Kule kwetu milimani ni wengi. Hakukubali kupasuliwa. Bi Mwatima, mimi sitasema kitu kwa mtu. Lakini Jaku ni rafiki yangu."

"Nitasema mwenyewe, Asheri."

"Haya."

*

Waliingia Tanga Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini. Sadalla aliwapokea ngazini na kanzu ya Ijumaa, furaha imemjaa.

"Imepona? Alhamdulillahi! Watu wote wako juu. Wamekwisha kukaza nyuzi. Daktari ameleta habari kwamba kitanda ni kesho asubuhi, kwa hiyo sauti tunaishika leo, sasa hivi."

"Bwana Sadalla," Mwatima akasema, "nina neno la kusema juu ya Jaku."

"Jaku amekwisha. Amekiri."

Mwatima alidhani hakusikia vizuri. "Amekiri nini?"

"Jana usiku, mbele ya wazee. Kasema kweli mimi niliiharibu, niliichokoa kwa kijiti. Tumemwonea huruma, hatumpeleki kwa Liwali. Anarudi Pemba na meli ya leo, na Tanga asikanyage tena. Hivi sasa yuko bandarini."

Kwa kijiti.

Asheri akamtazama Mwatima. Mbarouk naye. Wote watatu walijua kwamba hakuna kijiti. Na Mwatima akajua jambo jingine, ambalo wale wawili hawakulijua: siku ile, alipougeuza uso wake kutoka kwenye maikrofoni, pazia la mlangoni lilikuwa likicheza. Alidhani ni upepo.

Jaku alimwona. Jaku aliyemtungia nyimbo tangu wakiwa Chake Chake alimwona, akanyamaza, kisha akaubeba.

"Jaku mwongo," Mwatima akasema. "Hakufanya. Nilifanya mimi."

Furaha ya Sadalla ikazima. Aliangalia juu ngazini, akaangalia nyuma, akamvuta kando.

"Sema polepole. Kweli?"

"Wallahi."

Sadalla akafikiri. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana maneno yake yalikuwa ya hatari.

"Sikiliza, Bi Mwatima. Ukipanda juu na neno hilo, chama kinagawanyika leo hii. Wenye maikrofoni wataitaka kesho. Hutaimba, na usipoimba najua hutaingia hospitali. Basi utakufa na wimbo utakufa. Jaku amechagua mwenyewe. Kijana hana mke hapa, anakwenda kwao, ana mama yake. Mwache aende. Panda, imba. Baada ya mwaka nitamwandikia arudi."

Mwatima akamgeukia kaka yake. Ndiye aliyemtaka aseme, jana kwenye ngazi ya Amani. Ndiye atakayemjibu mtu huyu.

Mbarouk alikuwa akilitazama rovu. Tangu jana alipomwona amelala juu ya gunia, midomo ya bluu, kitu kilikuwa kimevunjika ndani yake.

"Imba kwanza," akasema. "Imba, dada yangu. Mengine tutayasema ukipona."

Hivyo ndivyo Mwatima alivyobaki peke yake kati ya watu waliompenda.

*

Akapanda.

Chumba kilikuwa na joto la mablanketi na la watu. Mpiga fidla, mpiga kanuni, wa dumbaki, wote kwenye viti vyao. Kiti cha udi kilikuwa kitupu. Mtu alikuwa ameweka kofia yake juu yake.

Asheri alisimamisha maikrofoni mbele ya Mwatima. "Kaa mbali kiasi hiki," akasema. "Usiikaribie." Akarudi kwenye mashine yake pembeni, akavaa vyombo vya masikioni.

Sadalla alifunga mlango. Akamwashiria Asheri kwa kichwa.

Asheri akainua mkono. Mashine ikaanza kuzunguka. Fidla ikaingia, kanuni ikaifuata, na wimbo ule ambao Jaku aliutunga ukakijaza chumba. Ulikuwa mzuri hata Mbarouk akafumba macho.

Zamu ya Mwatima ikafika. Akafungua kinywa.

"Mimi Mwatima binti Khelef."

Fidla ikakwaruza, ikakoma.

"Maikrofoni hii iliharibika kwa mkono wangu. Niliipuliza mimi, kwa kuogopa kupasuliwa. Jaku hakuichokoa kwa kijiti wala kwa kitu. Jaku aliniona akanisitiri. Nasema nikiwa na akili zangu, na sauti yangu mnaijua, hakuna atakayesema si mimi."

"Zima!" Sadalla akapiga kelele. "Asheri, zima!"

Akauendea waya ukutani. Asheri alivua vyombo vya masikioni, akasimama mbele ya waya, mikono imeshuka tu, yule mpole.

"Mwache amalize, Bwana Sadalla."

"Nimemaliza," Mwatima akasema.

Mpiga kanuni, mzee ambaye kwa kinywa chake alimwita Jaku mwanaharamu mbele ya watu, aliinama akaanza kuokota kitu sakafuni ambacho hakikuwepo. Mashine iliendelea kuzunguka, ikinasa kimya.

Ndipo, kupita mablanketi yote yale, ikasikika honi ya meli.

"Hiyo ya kwanza," wa dumbaki akasema, taratibu. "Ya pili ikilia, mashua ya abiria inaondoka gatini."

"Tuma mtu," Mbarouk akasema.

"Haji kwa mtu," Mwatima akajibu. "Namjua. Haji mpaka nimwite mwongo usoni."

"Bi Mwatima," Asheri akasema, "mashine iko tayari. Beti mbili tu. Imba hata beti mbili, kesho ni kesho."

Akaitazama maikrofoni. Ilikuwa nzima, inang'aa, imemgeukia.

Akalivua buibui, likabaki kitini. Akafungua mlango.

Kutoka kwa Sadalla mpaka bandarini ni kuvuka Ngamiani, kisha reli, kisha mji. Alikuwa mtu asiyepanda ngazi bila kukaa katikati.

"Mwatima!" kaka yake akapiga ukelele. "Mwatima, utakufa njiani!"

Hakugeuka. Akaishika kanga yake kwa mkono mmoja, akakimbia.